Kipandio cha Kumi na Saba

Jumatano ya tarehe tisa, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, nilianguka kwenye ngazi za Mnara Mkuu. Nilianguka mbele ya binti yangu, mbele ya mama mkwe wangu, na mbele ya wageni ishirini na mmoja waliokuwa likizoni kama sisi. Magoti yamepona. Mengine bado.

Kwa wewe uliyefungia misumari gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa ufupi.

Mimi ni fundi wa kupiga lipu. Nimesoma mpaka darasa la nne. Mwalimu akahama, na mimi nikahama. Mke wangu alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita. Hospitali walimwambia arudi Jumatatu, daktari mkubwa atakuwepo. Yeye akafa Jumapili. Sijawahi kusikia mkubwa yeyote aliyekufa Jumapili akimsubiri mtu wa Jumatatu.

Binti yangu anafanya kazi kiwanda cha viatu. Kazi yake ni kukagua mishono, kutafuta kosa. Alipopata likizo ya wiki mbili akasema, "Baba, umekaa ndani mno, utaota ukungu. Twende mji mkubwa tukatembee. Na bibi naye aje. Tukaone Mnara ulioujenga."

Hapo ndipo penye mfupa wa hadithi yetu. Miaka thelathini na moja iliyopita, nilipokwenda kuposa, marehemu baba mkwe aliniuliza, "Wewe fundi, umejenga nini?"

Nikajibu, "Mnara Mkuu."

"Wote?"

"Kuanzia chini mpaka juu," nikasema. "Isipokuwa kengele."

Nikapewa mke.

Ukweli ni kwamba pale Mnarani nilifanya kazi siku kumi na moja. Nilijenga kipandio kimoja. Na hicho kimoja nilikikosea.

*

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee. Wazee hao hawakuwahi kutembea na mimi. Yangu niliirefusha kwa miguu siku tatu nzima, Jumapili mpaka Jumanne, kwa kuwatembeza wenzangu kila mahali mjini isipokuwa Mnarani.

Nilikataa basi la watalii. Nilisema mji hauonekani kwa dirisha, mji unaonekana kwa unyayo. Maneno mazuri, eti? Basi lile lingetufikisha Mnarani kwa dakika kumi na mbili.

Jumatano asubuhi tulikuwa tunakunywa chai katika chumba cha chini cha nyumba ya wageni. Binti yangu akakunja ramani.

"Baba, leo tunaanza na Mnara."

"Leo? Mimi nilifikiria soko la maua."

"Soko la maua tulikwenda juzi."

"Tuliona upande wa kushoto. Wa kulia hatukuufikia."

Mama mkwe wangu akaweka kikombe chini. Ana miaka sabini na minne, na ulimi wenye miaka ishirini. Kila aendako hubeba kigoda chake cha kukunja, maana anasema viti vya umma vilitengenezwa na watu wasiokuwa na makalio.

"Mkwe wangu," akasema, "mji huu uliujenga au uliukimbia?"

"Mama, mimi nataka mfaidi."

"Nimeshafaidi. Nimeona saa ya stesheni yenye nyuso nne, kila uso na saa yake. Nimeona simba wa mawe wanne waliosahau kutema maji. Nimeona jumba la Baraza la Jiji lenye madirisha mia na ishirini, na hakuna hata mtu mmoja aliyechungulia. Siku tatu nimeonyeshwa kila kitu ambacho hukukijenga wewe. Leo nionyeshe ulichokijenga."

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imeshapoa, kama mimi.

Nilijaribu mara ya mwisho pale njia panda.

"Barabara hiyo imefungwa," nikasema.

"Nani kaifunga?" akauliza binti yangu.

"Baraza la Jiji. Si unawajua hawa."

"Mbona watu wanapita?"

"Hao hawajaambiwa."

Binti yangu akanitazama vile anavyotazama kiatu chenye uzi uliolegea. Halafu akanyoosha kidole juu ya mapaa. "Si ule pale?"

Ubaya wa kudanganya kuhusu mnara ni kwamba unaonekana kutoka kila mahali. Wenzangu wenye akili hudanganya kuhusu visima.

Tukaelekea huko. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

"Ungekuwa na kofia usingeteseka hivyo," akasema mama mkwe.

"Nilikuwa nayo, Mama. Iliibwa."

Nikaanza kuwasimulia tena ile kofia yangu ya kazi, ya turubai, ya kahawia, yenye tone la rangi ya bluu ukingoni. Ilitoweka nyumbani miaka minne iliyopita, wiki ileile ambayo mwenyekiti wa mtaa alikuja kuhesabu nyumba. Mtu anaingia na daftari, anatoka na kofia. Nilimshtaki kwa kila mtu isipokuwa polisi.

"Na hata leo nikimkuta nayo kichwani..." nikasema.

"Yaliyopita si ndwele," akanikata mama mkwe, akaongeza mwendo. Mwanamke wa miaka sabini na minne, na kigoda kwapani, akaongeza mwendo.

Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

*

Pale mlangoni tulipangwa kwenye kundi la watu kama ishirini. Mwongoza wageni alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na kofia nyekundu, na kifuani alikuwa amening'iniza kipaza sauti. Mimi moyoni nilimpa jina hapohapo: Kipaza.

"Ngazi ni mia moja na nne," akatangaza. "Mwenye moyo mbovu abaki chini. Mwenye mke mkali apande, hatamfuata."

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kuhesabu vipandio kimoja kimoja. Kuta zilikuwa zilezile, na harufu ya chokaa ileile. Kila kipandio kilikuwa sawa na mwenzake, kimepimwa vizuri. Kumi na tatu. Kumi na nne.

Kwenye cha kumi na sita Kipaza akageuka, akainua mkono.

"Simameni! Kila mtu ashike chuma. Mnaona hiki kinachofuata? Hiki ndicho kipandio maarufu kuliko vyote mjini. Kimewazidi wenzake kwa vidole viwili. Kimeangusha mawaziri wawili, askofu mmoja, na bibi harusi aliyekuja kupiga picha. Na mnajua kwa nini?"

"Kwa nini?" wakaitikia watu. Binti yangu naye aliitikia.

"Kwa sababu fundi wake alikuwa amevaa miwani ya mbao! Amelewa chakari! Alitoka harusini asubuhi, akaja kazini moja kwa moja, na kwa kuwa kipimo alikiona viwili viwili, akapima kwa chupa."

Kicheko kikapanda na ngazi mpaka juu, kikarudi. Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema, "Kwa chupa! Ee Mungu, kwa chupa!" Watu wakakipanda kile kipandio kimoja kimoja, wakikiwekea mguu kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Wengine walikipiga picha.

Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, huyo mlevi ulimjua?"

Nikajikaza kisabuni. "Kwa mbali," nikasema.

Nataka mjue jambo moja, wasomaji wangu. Sikuwa nimelewa. Sijaonja pombe tangu nizaliwe, inanipa chafya. Nyapara wetu wa siku zile alikuwa na kijiti cha kipimo, kimekatwa sawasawa na urefu wa kipandio. Kila asubuhi tulipimia kijiti hicho. Asubuhi ile nilikikosa. Nikamwendea ofisini kwake, nikamkuta amekiweka kuzuia dirisha lisifunge, maana alikuwa anasikia joto.

"Kijiti, mkubwa," nikamwambia.

"Unataka nife kwa joto? Pima kwa shibiri. Mkono si unao?"

Mkono ninao, tena mrefu, ndiyo sababu mama yangu aliniita Koleo. Nikapima, nikafunga mbao, nikamimina zege. Kesho yake mhandisi mkuu akapanda ngazi akisoma karatasi zake, akajikwaa, karatasi zikaruka mpaka nje. Saa nne, kabla ya chai, nilikuwa nimeshafukuzwa. Nyapara alibaki na dirisha lake.

Sasa nasikia kwamba nililewa. Yaani hawakutosheka kunifukuza. Wameniharibia na jina, na hata jina lenyewe hawakulitaja!

*

Juu kidogo ya kipandio changu pana sehemu bapa ya kupumzikia. Mama mkwe akakunjua kigoda chake. "Mimi nakaa hapa," akasema. "Juu nimeshakuona kwa macho. Nitakaa niwacheke wanaojikwaa."

Mimi na binti yangu tukapanda mpaka mwisho. Upepo ulikuwa mwingi. Mji wote ulilala chini yetu, na nikaona njia zote tulizozunguka siku tatu. Zilijikunja kama uzi uliochezewa na paka.

"Baba, simama hapo kwenye ukingo. Weka mkono ukutani, kama mwenye nyumba."

"Picha ya nini?"

"Nilitaka iwe zawadi ya kukushtua, lakini sasa basi, nitasema." Akashusha simu. "Nimemwagizia mama jiwe la kaburi. Fundi wa mawe ameshaanza kuchonga. Litaandikwa, 'Hapa amelala mke wa mjenzi wa Mnara Mkuu.' Na juu yake ataweka mchoro wa Mnara. Amefika kwenye 'mke wa', amesimama. Anataka picha apime nafasi ya mnara na maneno yaliyobaki."

Nilihisi kama nimemezeshwa jiwe lenyewe.

"Mwanangu," nikasema, "maneno hayo si mengi mno? Jiwe litapasuka. Andika jina lake tu."

"Jina lipo juu."

"Andika 'mke mwema'."

"Baba, kila kaburi pale lina mke mwema. Hata wale tuliokuwa tunawasikia wakipigana na waume zao mpaka alfajiri wameandikwa wake wema." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Mama aliishi maisha yake yote kwenye vyumba viwili vya kupanga, anafagia uwanja wa mtu mwingine. Hakuwahi kuwa na kitu chake kirefu. Akishaudhiwa na mwenye nyumba, alikuwa anasema, 'Basi tu, mume wangu amejenga.' Nataka awe nacho."

Wenye shule mngejua la kusema. Mimi nilisogea ukingoni, nikaweka mkono ukutani kama mwenye nyumba. Nikatabasamu. Ile picha ipo. Ninaonekana kama mtu anayeng'olewa jino.

"Imekwenda," akasema. Muda si muda simu ikalia kidogo. Akasoma. "Amesema nzuri. Anaanza sasa hivi, hatasubiri Ijumaa."

Sasa hivi! Umeme ukikatika mtaani kwetu, fundi wa serikali huja baada ya miezi miwili. Lakini uongo wangu ulipata fundi mwenye bidii.

*

Nilishuka ngazi kichwa kikiwa si changu. Nilikuwa naona patasi tu. Naona nyundo ikipiga, herufi moja, herufi ya pili. Watu walikuwa mbele yangu, wengine nyuma. Sikuhesabu.

Mtu pekee duniani aliyekijua kipandio kile kwa vidole vyake alikikanyaga kama hakipo.

Mguu ulitafuta sakafu, haukuikuta pale ulipoizoea. Nikapiga magoti, nikashuka vitatu kwa makalio, kiatu kimoja kikatangulia mpaka chini. Nikasikia mtu akisema "Maskini mzee," na mwingine akisema "Umepiga picha?"

Kisha kipaza sauti kikaunguruma: "Mlevi wa pili huyo! Au ndugu yake yule wa kwanza!"

Kicheko.

Jamani, binadamu ana mahali anapofika. Miaka thelathini na moja nimelaumiwa na nyapara, nimedhulumiwa na wenyeviti, nimezungushwa na madaktari. Sikuwahi kupaza sauti mbele ya mtu mwenye kofia ya kazi. Pale chini, na soksi moja imetoboka, nikapaza.

"Hakulewa!"

"Nani, mzee?" akauliza Kipaza.

"Fundi! Hakulewa! Ni nyapara alizuia dirisha kwa kijiti! Fundi hakuonja hata tone!"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ni mimi!"

Nikainua macho. Binti yangu alikuwa amesimama juu yangu, ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Ni wewe nini, Baba?"

"Hiki kipandio. Nilikijenga mimi."

"Najua. Umejenga vyote."

"Hapana, mwanangu. Hiki tu. Siku kumi na moja, kipandio kimoja, nikafukuzwa." Nilijaribu kusimama, goti likakataa, nikaendelea kukiri nikiwa nimekaa. "Vingine vilijengwa na watu wengine. Vilinyooka. Mimi nilimdanganya babu yako ili anipe mama yako, halafu kila mwaka nikashindwa kupata siku nzuri ya kusema ukweli."

Uso wake ukashuka. Hakulia. Afadhali angelia. Alitoa simu, akatembea hatua mbili, nikamsikia anasema, "Fundi, simamisha. Usiguse jiwe mpaka nikupigie. Ndiyo. Hapohapo ulipo." Akarudi.

"Mama alijua?"

"Hakujua," nikasema. "Amekufa akiamini."

Mama mkwe wangu alikuwa palepale juu ya kigoda chake. Nilimgojea. Nilijua ana haki ya kunitukana mpaka jua lizame, na nilikuwa nimeshainamisha shingo. Lakini yule mama, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alikuwa anafungua na kufunga mkoba wake tu.

Mkoba ule ulinitisha kuliko matusi.

*

Aliyesema kwanza ni Kipaza. Alizima kile kidude chake, akanishika mkono, akaninyanyua. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ndogo, ya mtu mpole.

"Mzee wangu, pole kwa kuanguka. Lakini usijitwike kosa la mtu mwingine. Fundi wa kipandio hiki tunamfahamu."

"Mnamfahamu vipi, na mimi sijawahi kurudi hapa?"

"Amekuja mwenyewe. Tuna picha yake ofisini."

Nikacheka. Nilicheka kweli. Nikamwambia binti yangu, "Unaona? Hata kosa langu limepata fundi mwingine."

Binti yangu hakucheka.

Kipaza akawaachia wageni dakika kumi za kupiga picha, akatupeleka chini, kwenye ofisi ndogo pembeni ya mlango. Palikuwa na meza, birika la umeme, makoti ya mvua yamening'inizwa, na ukuta mzima wa picha kwenye fremu. Nilikuwa nachechemea na kiatu mkononi. Mama mkwe alikuja nyuma, taratibu. Zile mbio zake za asubuhi zilikuwa zimeisha.

"Miaka minne iliyopita," akasema Kipaza, "Baraza la Jiji lilitaka kukibomoa kile kipandio. Wameshaleta na nyundo. Asubuhi hiyo akaja mama mmoja, mtu mzima, mnyamavu. Akakaa juu yake. Akasema, 'Hiki amekijenga mume wangu. Ni kitu pekee alichokijenga kikabaki. Mkikivunja, mtamvunja.' Akakaa mpaka jioni. Hatukuweza kumwinua."

Kiatu kilinitoka mkononi.

"Mhandisi akamwambia, basi mlete fundi mwenyewe ajieleze. Wiki iliyofuata akarudi naye. Mzee mcheshi sana yule! Akasimama mbele ya wakubwa wote akasema, 'Nisameheni, nililewa. Nilitoka harusini, nikapima kwa chupa. Lakini kiacheni. Kinawafundisha watu kutazama wanapokanyaga.' Wakubwa wakacheka mpaka wakatoa machozi. Kikabaki. Ndipo tulipowapiga picha. Hawa hapa."

Akagonga kioo kwa ukucha.

Nikasogea. Kwanza niliona koti. La kijivu, lenye vifungo vyeupe vinne na kimoja cheusi, cha pili kutoka juu. Kile cheusi nilikishona mimi mwenyewe, kwa uzi wa kushonea magunia, kwa kuwa cheupe hatukukipata. Halafu nikaona uso wake. Mke wangu. Amesimama kwenye kipandio changu, anatabasamu kwa lile tabasamu lake la mdomo uliofungwa, la kuficha pengo.

Wiki mbili zilizofuatana za mwaka ule aliniaga mara mbili, anakwenda mji mkubwa kupimwa macho. Nikamlaani daktari wa macho kwa kumzungusha.

Alijua. Miaka yote ile nabeba uongo mgongoni kama gunia la saruji, nahema, nageuza mazungumzo kila mtu akitaja minara, kumbe mwenzangu alijua kipandio chenyewe, na namba yake. Aliposema "mume wangu amejenga," alikuwa anasema kweli tupu. Alijuaje? Nani alimwambia? Sikupata nafasi ya kujiuliza, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshahamia pembeni.

Pembeni yake alisimama mwanamume. Mrefu kidogo kuliko mimi, bega lake limegusana na la mke wangu. Amecheka kwa meno yote. Chini ya picha paliandikwa kwa wino mweusi: *Fundi wa kipandio cha kumi na saba na mkewe.*

Nikamtazama usoni, simjui. Nikamtazama tena. Simjui kabisa, si ndugu, si jirani, si fundi mwenzangu.

Lakini kichwani alikuwa amevaa kofia ya turubai. Ya kahawia. Ukingoni, upande wa kulia, palikuwa na tone la rangi ya bluu.

Mwenyekiti wa mtaa, popote ulipo, nakuomba radhi kupitia gazeti hili.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Kipaza akanitazama, akatazama picha, akaanza kuelewa, akatamani asingeelewa. Akavua kofia yake nyekundu.

Nikamgeukia binti yangu, mkaguzi wa mishono, asiyepitwa na kosa. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa. Alikuwa anaitazama ile picha kama mtu anayetazama kiatu alichokipitisha mwenyewe kikiwa kibovu, kimemrudia mezani.

Nyuma yangu nikasikia kigoda kinakunjuliwa. Mama mkwe akakaa. Akaongea chinichini, na si na mimi.

"Kumbe walipiga picha," akasema.

"Mama," nikamwambia, na sauti yangu niliishusha kama inavyompasa mkwe. "Nimekukosea miaka thelathini na moja, na adhabu yako nitaipokea. Lakini nakuuliza kwa heshima zote. Mtu huyu aliyevaa kofia yangu ni nani?"

Mama mkwe akafungua mkoba. Akaufunga.

Simu ya binti yangu ikaita. Alikuwa ameiweka mezani, na kwa haraka ya kuipokea akagusa penye kuongeza sauti, ofisi nzima ikasikia. Alikuwa fundi wa mawe, na nyuma yake nyundo za wenzake zilikuwa zinagonga.

"Dada, mimi siwezi kukaa na jiwe la watu nusu. Nimeandika jina, nimeandika 'Hapa amelala mke wa'. Hapo nimefika, patasi iko mkononi. Niambie nimalizie. Mke wa nani?"

Tulikuwa wanne mle ndani.

"Haloo? Dada, unanisikia? Mke wa nani?"